Benki ikiokolewa, anayeokolewa ni nani?

"Naomba mnieleweshe jambo moja linaloniuma. Mfanyabiashara mdogo akishindwa kulipa deni, mali zake zinapigwa mnada. Benki kubwa ikishindwa, serikali inaimwagia fedha za walipa kodi na wakubwa wake wanaendelea kula bonasi. Kwa nini isiachwe ife kama sisi wengine? Na hizo fedha huwa zinarudi, au ndiyo zimekwenda? Halafu nina swali la kwangu binafsi. Akiba yangu yote iko benki moja, hapo hapo nina mkopo wa nyumba uliobakiza miaka tisa, na nilinunua hisa zake chache. Benki hiyo ikiyumba, serikali itaniokoa na mimi?"

Hasira yako ina haki, na sina nia ya kuizima kwa hesabu. Lakini ndani ya swali lako wamo watu watatu: mwenye akiba, mwenye mkopo na mwenye hisa. Wewe ni wote watatu kwa mpigo, ndiyo maana jambo lenyewe linakuchanganya. Benki ikiokolewa inavyotakiwa, mwenye akiba anapona, mwenye mkopo anaendelea kulipa kama jana, na mwenye hisa anapoteza. Ikiokolewa ovyo, mwenye hisa naye anabebwa mgongoni mwa mlipa kodi. Dhuluma unayoilalamikia iko hapo kwenye kubebwa, hata kama kuingilia kati kwa serikali kulikuwa kwa lazima.

Kwanza tuondoe picha ya benki kama kabati la fedha. Chukua benki ya mfano yenye mali za 100. Kati ya hizo, 70 ni mikopo iliyowapa watu na kampuni, 24 ni hati fungani za serikali (hati za kuikopesha serikali kwa riba), na 6 tu ndiyo taslimu, pamoja na salio lake benki kuu. Sasa tazama mali hizo zimepatikana kwa fedha za nani: 75 ni amana za wateja, 17 ni deni kwa benki nyingine na kwa wawekezaji walioikopesha, na 8 zinazobaki ni mtaji wa wanahisa. Wengi wakisikia neno "mtaji" hudhani ni fedha zilizofungiwa pembeni zikingoja siku mbaya. Sivyo. Mtaji ni tofauti kati ya mali na madeni, basi. Ni unene wa godoro. Hakuna noti zilizofichwa chini yake.

Benki hii inaweza kupatwa na magonjwa mawili, na tiba ya ugonjwa mmoja haimponyi mwenye ule mwingine.

Ugonjwa wa kwanza ni ukosefu wa ukwasi. Wateja wanataka 10 siku moja, taslimu ni 6. Mikopo ya 70 ni mizima, wakopaji wanalipa vizuri, lakini huwezi kumpigia simu mtu mwenye mkopo wa miaka ishirini ukamwambia alete zote kabla ya saa kumi jioni. Benki inalazimika kuuza hati fungani kwa pupa, na anayeuza kwa pupa huuza kwa hasara. Hapa tiba inajulikana tangu karne ya 19: benki kuu ikopeshe bila kubana, lakini kwa benki iliyo hai tu, kwa dhamana nzuri na kwa riba kali. Mkopo wa namna hii kwa kawaida hurudi wote. Watu wakisikia "benki imepewa mabilioni" mara nyingi ni huu, na hautoki kwenye kapu la kodi.

Ugonjwa wa pili ni kuliwa kwa mtaji. Katika ile mikopo ya 70, tuseme 10 haitalipwa kamwe. Mali sasa ni 90, madeni bado ni 92. Hata kama leo hakuna mteja anayeomba fedha yake, benki imekwisha. Ukiikopesha 10 zaidi, taslimu inaongezeka kwa 10 na deni linaongezeka kwa 10, shimo la 2 liko pale pale. Lazima mtu ameze hasara: wanahisa kwanza, wamalize 8 zao zote, kisha wadai wameze 2, au hazina ya umma iingize mkono mfukoni.

Ugumu ni kwamba usiku wa tukio magonjwa haya mawili hufanana kama mapacha, na mojawapo huzaa jingine. Tazama Silicon Valley Bank ya Marekani, Machi 2023. Ilikuwa imenunua hati fungani za muda mrefu wakati riba iko chini kabisa. Riba ilipopanda, hati hizo zilishuka bei, maana nani atainunua kwa bei kamili hati inayolipa asilimia 1.5 wakati mpya zinalipa zaidi ya 4? Benki ikauza hati za dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8 na kulitangaza hilo. Siku iliyofuata, tarehe 9, wateja waliomba kutoa dola bilioni 42, wengi wao kwa simu zao za mkononi. Nyingine bilioni 100 zilikuwa zinasubiri kutoka kesho yake. Asubuhi ya tarehe 10 ikafungwa. Hasara iliyokuwa imejificha kwenye karatasi iligeuka kuwa hasara halisi kwa sababu tu watu walikimbia.

Sasa swali lako la mnada. Duka likifilisika, mfilisi ana muda. Wadai wanasubiri miezi, bidhaa zinauzwa, kila mtu anapata mgao wake. Wadai wa benki ni watu ambao mshahara wao unaingia kesho na kampuni ambazo zinalipa wauzaji kesho kutwa. Fedha zao zikigandishwa miezi sita, wanaanguka na wao. Zaidi ya hapo, duka moja likifungwa, duka la jirani hupata wateja. Benki moja ikifungwa, wateja wa benki jirani huanza kuulizana.

Marekani iliijaribu njia yako Septemba 2008. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers iliachwa ifilisike tarehe 15, ikiwa na mali za zaidi ya dola bilioni 600. Kesho yake mfuko mmoja wa uwekezaji wa muda mfupi, Reserve Primary Fund, ulitangaza kwamba kipande chake hakina tena thamani ya dola moja bali senti 97. Ulikuwa umeikopesha Lehman dola milioni 785, sehemu ndogo ya fedha zake zote. Lakini watu waliziona hizo senti tatu zilizopungua, wakaanza kutoa fedha kwenye mifuko ya aina hiyo kote nchini. Mifuko hiyo ndiyo iliyokuwa ikizikopesha kampuni za kawaida fedha za wiki mbili tatu za kulipia mishahara na malighafi. Hivyo kufa kwa benki ya uwekezaji ya New York kulifika kwenye viwanda ambavyo havikuwahi kufanya nayo biashara hata siku moja. Usiku ule ule wa tarehe 16, benki kuu ya Marekani iliikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85 na serikali ikachukua asilimia 79.9 ya umiliki wake.

Hata hivyo, si kweli kwamba kila benki huokolewa. Mwaka 2010 pekee, mamlaka za Marekani zilifunga benki 157. Utaratibu wake ni wa kimyakimya: Ijumaa jioni wasimamizi wanaingia, mwishoni mwa wiki amana zinahamishiwa benki nyingine, Jumatatu tawi linafunguliwa kwa jina jipya. Wenye amana zilizokingwa hawapotezi kitu, wanahisa hupoteza chao. Kwa benki ndogo huu mnada wa kistaarabu unafanya kazi vizuri. Shida ni benki ambayo haitoshei mwishoni mwa wiki moja.

Kwa hiyo usiulize tu kama serikali iliokoa au iliacha. Uliza ilitumia chombo gani na kwa masharti yapi, maana kwenye masharti ndipo unapojua nani alibebwa.

Turudi kwenye benki yetu yenye shimo la 2. Serikali inaweza kununua mikopo mibovu. Ile ya 10 isiyolipika, ikinunuliwa kwa 10, benki imepewa zawadi ya 10, na 8 kati yake ni za wanahisa, nukta. Ikinunuliwa kwa thamani yake ya kweli, benki inakiri hasara na shimo linabaki wazi. Bei ndiyo kila kitu, na haikuwa ajabu kwamba Marekani ilipitisha sheria ya dola bilioni 700 Oktoba 2008 ikisema itanunua mikopo mibovu, kisha ndani ya siku chache ikageukia kuweka mtaji moja kwa moja. Serikali ikiweka mtaji wa 10, mali zinakuwa 100, madeni 92, mtaji 8. Hapo swali ni moja: hizo 8 ni za nani? Kama wanahisa wa zamani walifutwa kwanza, ni za umma zote, na benki ikipona faida ni ya umma. Kama waliachwa na hisa zao, wamebebwa.

Chombo cha tatu ni kutoa dhamana, na ndicho ninachokiogopa kuliko vyote, kwa sababu siku ya kusaini hakigharimu hata senti. Ireland ilidhamini karibu madeni yote ya benki zake kubwa usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008, ikiamini ugonjwa ni wa ukwasi. Ulikuwa wa mtaji: benki zilikuwa zimekopesha wajenzi kupita kiasi na bei za nyumba zikaporomoka. Mwishowe nchi ya watu wasiofika milioni 5 iliingiza takriban yuro bilioni 64 kwenye benki zake, karibu bilioni 30 kati ya hizo katika Anglo Irish Bank peke yake, na Novemba 2010 ikalazimika yenyewe kuokolewa na Umoja wa Ulaya pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kukosea ugonjwa kulifanya deni la wakopeshaji binafsi kuwa deni la kila raia.

Kuhusu fedha kurudi, jibu la kweli ni "inategemea", na yeyote anayekupa jibu moja ama anatetea ama anachochea. Katika zile bilioni 700, zilizotumika ni kama bilioni 443. Mpango wa kuweka mtaji uligusa taasisi 707 kwa takriban dola bilioni 205, kwa hisa za upendeleo (hulipwa gawio kabla ya hisa za kawaida) zilizolipa gawio la asilimia 5 kwa miaka mitano ya kwanza na 9 baada ya hapo. Fedha zilizoingizwa kwenye benki zilirudi na ziada. AIG, ambayo msaada wake ulifikia ahadi za dola bilioni 182, nayo ilirudisha zaidi ya ilichopewa. Uingereza ilitoka na faida ndogo kwa benki ya Lloyds mwaka 2017, lakini kwa Royal Bank of Scotland, iliyopewa pauni bilioni 45.5, ilimaliza kuuza hisa zake mwaka 2025 ikiwa imepata hasara ya zaidi ya pauni bilioni 10.

Lakini neno "faida" nalo lisikulaze. Septemba 2008 tajiri mwekezaji wa Marekani, Warren Buffett, aliweka dola bilioni 5 ndani ya benki ya Goldman Sachs. Alidai gawio la asilimia 10, na haki ya kununua baadaye hisa za thamani ya bilioni 5 nyingine kwa bei iliyofungwa siku ile. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani iliweka bilioni 10 katika benki hiyo hiyo kwa gawio la asilimia 5, na haki ya kununua hisa za thamani ya asilimia 15 tu ya fedha iliyoweka. Serikali ilirudishiwa, ndiyo. Ila ilikopesha kwa bei ya urafiki wakati soko lilikuwa linatoza mara mbili, na tofauti hiyo iliingia mifukoni mwa wanahisa. Waliokuwa wakiidai AIG kwa mikataba ya kinga ya mikopo (aina ya bima ya deni lisilolipwa) nao walilipwa dola kamili kwa kila dola, wakati kwenye ufilisi wa kawaida wangekatwa. Na Machi 2009 wafanyakazi wa kitengo kile kile kilichoizamisha kampuni walilipwa bonasi za dola milioni 165, kwa maelezo kwamba mikataba ilikwisha kusainiwa. Kwa hiyo kwenye bonasi hukukosea.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Sweden mwaka 1992 iliwadhamini wadai wote wa benki, lakini benki iliyotaka mtaji wa serikali ilitakiwa kwanza kufungua vitabu na kukiri hasara zake zote, na mwenye hisa ndiye aliyelia kabla ya mlipa kodi. Wanahisa wa benki ya Gota walipoteza kila kitu. Mikopo mibovu ya benki ya Nordbanken ilihamishiwa kampuni ya serikali iitwayo Securum, ikauzwa taratibu kwa miaka, na kampuni ikavunjwa 1997. Benki nyingine zilipoona masharti, zilikwenda kutafuta fedha kwa wenye hisa wao. Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta mimi: masharti yakiwa makali inavyotakiwa, kuna benki zitakazoyakimbia. Ukijua mjomba atalipa bila kuuliza, kwenye kamari inayofuata utapandisha dau.

Sasa tuje kwako.

Akiba yako. Kinachokulinda ni bima ya amana zaidi kuliko huruma ya serikali, na bima ina kikomo: dola 250,000 Marekani, yuro 100,000 katika Umoja wa Ulaya, na kila nchi yenye mfumo huo ina chake. Kosa linalowaumiza watu ni kudhani kikomo ni kwa kila akaunti. Kwa kawaida ni kwa kila mteja katika kila benki: akaunti ya akiba, ya hundi na ya muda maalumu zinajumlishwa. Benki mbili zenye majina tofauti chini ya leseni moja huweza kuhesabiwa kuwa benki moja. Piga jumla ya salio zako pamoja na riba iliyokwisha kuingia, ulinganishe na kikomo cha kwenu. Kinachozidi, kihamishie benki nyingine yenye leseni yake, sasa, wakati hakuna tetesi. Wenye ziada wakati mwingine huokolewa, kama wale wa Silicon Valley Bank waliolindwa wote na gharama ikatozwa benki nyingine. Wakati mwingine hawaokolewi: Cyprus mwaka 2013, wateja wa Bank of Cyprus waliona asilimia 47.5 ya kilichozidi yuro 100,000 kikigeuzwa kuwa hisa za benki iliyokuwa mahututi. Usipange maisha yako kwa kubahatisha utaangukia upande upi.

Hakikisha pia kwamba ulichonacho ni amana kweli. Dirisha lile lile la benki huuza vipande vya mifuko ya uwekezaji, hati fungani za benki yenyewe na bima za akiba. Hivyo havikingwi, hata kama stakabadhi ina nembo ya benki juu.

Mkopo wako. Benki ikifa, deni lako haliendi kaburini nalo. Ni mali ya benki, litauzwa kwa benki nyingine au litasimamiwa na mfilisi, na masharti uliyosaini, yakiwemo ya riba, huhama nalo. Endelea kulipa kwa tarehe zile zile. Kosa la kawaida ni kusimamisha malipo "mpaka mambo yatulie", kisha mtu anakuta ana malimbikizo, adhabu na doa kwenye taarifa zake za mikopo. La pili ni kulipa kwenye akaunti mpya aliyotajiwa kwa simu, maana matapeli huja siku hizo hizo. Subiri barua ya mfilisi na uithibitishe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Katika nchi kadhaa amana yako inaweza kukatwa kufidia deni unalodaiwa na benki hiyo, hasa sehemu iliyokwisha kupita tarehe yake. Uliza sheria ya kwenu inasemaje, maana kwako wewe mwenye vyote viwili mahali pamoja inaweza kubadili hesabu nzima.

Hisa zako: hapana, hakuna atakayekuokoa, na hapatakiwi kuwa na mtu. Mwenye hisa yuko mwisho wa foleni. Mara chache foleni hiyo hupinduliwa. Benki ya Uswisi ya Credit Suisse ilipouzwa kwa benki mwenzake UBS Machi 2023, wanahisa walipata faranga za Uswisi bilioni 3 huku wenye hati fungani za aina fulani wakifutiwa takriban bilioni 16, na kesi zikafuata. Usiichukue hiyo kama tumaini. Kama hisa hizo ni fedha ambayo ukiipoteza watoto watarudishwa kutoka shuleni, imezidi kiasi kinachofaa kuwekwa kwenye benki ambayo tayari inashika akiba yako na nyumba yako.

Kuna mambo sitaweza kukumalizia kwa maandishi. Kama akiba yako imezidi kikomo, kama akaunti ni ya kikundi, ya mirathi au ya biashara yenye wabia, au kama tayari una malimbikizo kwenye ule mkopo, kaa ana kwa ana na mwanasheria wa masuala ya fedha au mshauri unayemlipa wewe kwa saa, asiyelipwa kamisheni kwa kukuuzia kitu. Mfuko wa bima ya amana wa nchi yako pia hujibu maswali ya mtu mmoja mmoja bila malipo. Nenda na mkataba wa mkopo, taarifa za akaunti za miezi sita na hati ya hisa, vyote vikiwa vimechapishwa. Ukiviacha kwenye programu ya benki, siku benki itakapofungwa huenda programu nayo ikawa haifunguki.